Mardi Gras ya New Orleans na ubashiri wa Oscar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka, kati ya Januari na Machi, shamrashamra za kabla ya Kwaresima na msimu wa tuzo za filamu hupandana. Maswali haya huulizwa tena na tena na wanaopanga safari ya Louisiana, jimbo la Marekani lenye mji wa New Orleans, na pia na wanaokesha nyumbani wakiangalia Oscar, karatasi ya ubashiri mkononi na kipande cha keki kwenye sahani.

## Tarehe na saa

1. Mardi Gras ni lini, na kwa nini inahamahama?

Ni Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu, siku 47 kabla ya Pasaka. Kwa kuwa Pasaka hufuata mwezi mpevu, Mardi Gras inaweza kuangukia siku yoyote kati ya 3 Februari na 9 Machi. Mwaka 2027 ni 9 Februari, mwaka 2028 ni 29 Februari. Kuihesabu mwenyewe ni rahisi: itafute Pasaka, rudi nyuma majuma saba kamili, utafika Jumapili. Jumanne inayofuata ndiyo yenyewe.

Msimu wenyewe, hata hivyo, huanza siku ileile kila mwaka: 6 Januari, sikukuu ya Tokeo la Bwana. Pasaka ikiwahi, msimu unakuwa mfupi na maandamano yanabanana. Ikichelewa, kuna wiki nyingi za kupumua.

2. Je, ni kitu kimoja na vunja jungu?

Shina lake ni lilelile: kula na kufurahi kabla ya mfungo. Mwaka 2026 mambo hayo yalikutana hasa, maana Mardi Gras ilikuwa 17 Februari, Majivu siku iliyofuata, na Ramadhani ikaanza siku hizohizo kulingana na mwandamo. Lakini vunja jungu la pwani ni la jamaa na marafiki, chakula na matembezi ya siku moja au mbili. Karnivali ya New Orleans ina vyama vyake vyenye wafalme, malkia, bajeti na magari yaliyopambwa, na huchukua majuma.

3. Ni kweli Oscar na Mardi Gras hugongana?

Ndiyo, mara kwa mara. Miaka ya 2009, 2014, 2017 na 2025 Oscar zilitolewa Jumapili, siku mbili tu kabla ya Mardi Gras. Jumapili hiyo ndiyo usiku wa krewe (chama cha karnivali) ya Bacchus, mojawapo ya maandamano makubwa zaidi ya New Orleans, kwa hiyo wapenzi wa filamu pale mjini hulazimika kuchagua.

Mgongano wa 2025 ulitia fora kwa Wabrazili. Filamu ya Walter Salles, I'm Still Here, iliipa Brazil tuzo yake ya kwanza ya filamu bora ya kimataifa usiku wa katikati ya karnivali yao, wakati mitaa imejaa watu, wengine wakiwa wamejivika sura ya Fernanda Torres, mwigizaji wake mkuu.

4. Afrika Mashariki tuangalie saa ngapi?

Oscar sasa huanza saa kumi jioni ya Los Angeles. Kosa la kawaida ni kusahau kwamba Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi. Sherehe ikiwa kabla ya tarehe hiyo, Nairobi na Dar es Salaam ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu. Ikiwa siku hiyohiyo au baada yake, ni saa nane usiku. Walioko Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi watoe saa moja. Walioko Muscat na Dubai waongeze saa moja.

Maandamano ya Mardi Gras yenyewe ni rafiki zaidi kwa macho: krewe ya Zulu hutoka saa mbili asubuhi ya kule, yaani saa kumi na moja jioni kwetu.

## Barabarani New Orleans

5. Nina siku saba tu. Niende lini?

Fika Alhamisi kabla ya Mardi Gras, uondoke Jumatano ya Majivu. Alhamisi usiku utawaona Muses, krewe ya wanawake. Jumamosi kuna Endymion, Jumapili Thoth mchana na Bacchus usiku, Jumatatu Proteus na Orpheus, na Jumanne asubuhi Zulu akifuatwa na Rex. Kama mkoba hauruhusu, wikendi ya kabla ya hiyo ina maandamano mengi, umati mdogo na hoteli nafuu. Kwa wenye watoto, mimi ningeshauri hiyo moja kwa moja.

6. Krewe ni nini hasa?

Ni chama cha wanachama wanaolipa ada, wanaoandaa maandamano na dansi yao wenyewe. Hakuna mdhamini mkuu wa Mardi Gras, wala tiketi ya kusimama barabarani. Anayekurushia shanga amezinunua kwa pesa zake. Comus iliandamana mara ya kwanza 1857. Rex ilianza 1872, na ndiyo iliyoleta rangi za zambarau, kijani na dhahabu. Baadaye, mwaka 1892, ikazipa maana ya haki, imani na nguvu. Sheria ya jiji inamtaka anayepanda gari la maonyesho avae barakoa, kwa hiyo usishangae kutoona sura.

Mwishoni mwa 1991 halmashauri ya jiji ilipitisha amri dhidi ya ubaguzi wa uanachama kwa vyama vinavyotumia barabara za umma. Comus na Momus wakaacha kuandamana badala ya kukubali. Proteus nao waliacha, wakarudi mwaka 2000.

7. Nisimame wapi?

Maandamano mengi makubwa hupita barabara ya St. Charles kutoka Uptown hadi Canal. Endymion ina njia yake Mid-City. Wengi huenda French Quarter, mtaa wa kale wa mji, wakiyatafuta magari makubwa na kuambulia patupu: mitaa ile ni myembamba, na magari hayo hayajaingia humo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kule utakuta makundi ya kutembea kwa miguu.

Ukiwa St. Charles, chagua upande. Upande wa kati ya barabara, penye reli za tramu, una nafasi kubwa na familia nyingi. Upande wa nyumba una vivuli na vyoo vya kulipia kwenye baa na makanisa. Ukiwa na rafiki anayepanda gari, muulize yuko upande gani, ghorofa ya juu au ya chini, na gari namba ngapi. Bila hayo matatu hamtaonana.

Tramu ya St. Charles haifanyi kazi maandamano yakipita, na gari lililoegeshwa kwenye njia hukokotwa. Panga kutembea. Wanaoweka ngazi zenye kiti cha mtoto wanatakiwa kukaa futi 6, karibu mita 1.8, kutoka ukingo wa barabara. Ngazi ikianguka isimfikie mtu wa mbele wala gurudumu.

8. Nitapataje vitu vizuri zaidi ya shanga?

Mtazame machoni mpanda gari mmoja, inua mikono, paza sauti. Anayepungia gari zima hapati kitu. Ukiwa na mtoto mabegani umeshinda nusu ya vita. Simama robo ya kwanza ya njia kama unataka vitu vya pekee, maana hugawiwa mapema. Mwishoni mwa njia utapata shanga kwa mafungu, wapanda magari wakimalizia mifuko.

Vinavyotafutwa ni viatu vya Muses vilivyopambwa kwa mkono, nazi za Zulu, na sarafu za alumini zenye nembo ya krewe, mtindo ulioanzishwa na Rex 1960. Nazi haurushiwi, unakabidhiwa mkononi. Baada ya kesi za watu waliojeruhiwa, Louisiana ilitunga sheria 1988 kuilinda krewe dhidi ya madai, kwa sharti la kukabidhi. Kwa hiyo nazi utaipata ukiwa umesogea kwenye kizuizi, hutaipata ukiwa safu ya tano.

Kitu kikianguka chini, kikanyage kwanza ndipo uiname. Ukipeleka vidole, vitakanyagwa. Na usikimbilie shanga katikati ya gari na trekta linalolivuta. Watu wamekufa hivyo.

9. Kwa nini kuna kundi la Wamarekani Weusi linaloitwa Zulu?

Msomaji wa Afrika huuliza hili kwanza, na ana haki. Kundi halina uhusiano na Wazulu wa Afrika Kusini. Lilitokana na vyama vya kusaidiana vya watu weusi vilivyozika wanachama na kuwatibu wagonjwa, likaandamana 1909 na kusajiliwa 1916. Mfalme wake wa kwanza alivaa taji la kopo la mafuta ya nguruwe na fimbo ya mgomba, kumkejeli Rex na fahari ya weupe ambao hawakumruhusu kuingia kwao. Louis Armstrong, mzaliwa wa mji huo, alikuwa Mfalme wa Zulu 1949.

Wanachama wake bado hupaka nyuso rangi nyeusi na nyeupe na kuvaa sketi za nyasi. Katika miaka ya 1960 wapigania haki za raia waliwashinikiza waache, na mjadala haujazimika. Wao husema ni kejeli na urithi wao. Wapinzani huona picha ileile iliyotumiwa kumdhalilisha mtu mweusi. Unaweza kuipokea nazi na bado ukabaki na swali lako.

10. Wale wenye manyoya na shanga ni nani, na njia yao ni ipi?

Ni Wahindi Weusi wa Mardi Gras: makundi ya mitaa ya watu weusi yanayoenzi Wenyeji wa Amerika, ambao kwa simulizi zao waliwahifadhi watumwa waliotoroka. Vazi hushonwa shanga moja moja kwa mwaka mzima, na mwaka unaofuata hushonwa jipya. Njia haitangazwi. Mpelelezi hutangulia, kisha mbeba bendera, na Chifu Mkuu huja nyuma. Ukiwakuta, pisha njia, usiguse manyoya, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya karibu. Ukikosa Jumanne, hutoka tena karibu na sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, 19 Machi.

11. Mvua au upepo ukija?

Mvua ya kawaida haisimamishi kitu, radi na upepo mkali husimamisha. Mardi Gras ya 2025, Zulu na Rex walitoka mapema na kufupisha njia kwa sababu ya upepo. Kagua ratiba asubuhi ya siku yenyewe. Na saa sita usiku ya Jumanne polisi wa farasi huufagia mtaa wa Bourbon: msimu umekwisha, hakuna nyongeza.

## Keki ya mfalme

12. Naipikaje nyumbani?

Ni mkate mtamu wa hamira wenye umbo la pete, unaoliwa msimu wa Mardi Gras. Kwa watu 12: unga wa ngano gramu 500, hamira ya papo hapo gramu 7, sukari gramu 80, chumvi gramu 8, maziwa vuguvugu mililita 180, mayai 2 na kiini 1, siagi laini gramu 100, kungumanga kidogo na ganda la limau lililokwaruzwa. Kanda kila kitu isipokuwa siagi kwa dakika 5, kisha ongeza siagi kidogo kidogo ukikanda dakika 10 nyingine hadi donge liwe nyororo na kuvutika. Acha liumuke hadi liongezeke maradufu, saa moja na nusu hivi.

Sukuma liwe mstatili wa sentimita 25 kwa 60. Paka siagi gramu 60 iliyochanganywa na sukari ya kahawia gramu 120 na vijiko 2 vya chai vya mdalasini. Kunja kwa urefu, unganisha ncha kuwa pete, acha dakika 45, oka kwa nyuzi 180 dakika 25 hadi 30. Ikipoa kabisa, mwagia sukari laini gramu 200 iliyolainishwa kwa vijiko 2 au 3 vya maziwa, na papo hapo nyunyiza sukari ya zambarau, kijani na njano kwa mafungu.

13. Kwa nini yangu inaharibika?

Tundu la katikati limeziba: hukuweka kitu. Simamisha bakuli dogo la oveni lililopakwa mafuta katikati ya pete. Pete imepasuka na mdalasini umevuja: ncha hazikubanwa, au mshono ulibaki juu. Uweke chini. Haikuumuka: maziwa yalikuwa ya moto. Kidole kikishindwa kuyavumilia, hamira nayo haitayavumilia. Sukari ya rangi haishiki: uliacha ile nyeupe ikauke kwanza. Zambarau imekuwa kahawia: njano iliingia kwenye mchanganyiko wako wa nyekundu na bluu.

14. Kitoto cha plastiki kinachofichwa ndani ya keki kinawekwa lini?

Baada ya kuoka, kwa kukisukuma kutoka chini. Ndani ya oveni kitayeyuka. Kama huna, punje ya lozi inatosha, nayo unaweza kuioka. Waambie walaji kabla hawajauma. Atakayekipata ananunua keki ijayo. Baada ya Mardi Gras, kwa desturi, keki hiyo haipikwi hadi 6 Januari, na watu wa New Orleans wana msimamo mkali katika hilo.

## Kubashiri Oscar

15. Wanaochagua ni nani?

Ni wanachama wa Akademi, taasisi inayotoa Oscar, zaidi ya 10,000, wote watu wa kazi za filamu. Katika uteuzi, waigizaji huteua waigizaji, wahariri huteua wahariri, na wote huteua filamu bora. Katika kura ya mwisho, kila mmoja anaweza kupiga kura katika kila kundi la tuzo, ila sheria iliyoanza na tuzo za 2026 inadai awe ametazama filamu zote zilizoteuliwa katika kundi husika.

Hapo ndipo wabashiri wengi huanguka. Karatasi yao inajibu swali la filamu gani nzuri. Swali halisi ni watu hawa watapigia nini.

16. Kwa nini filamu bora ni ngumu kuliko mengine?

Makundi mengine, mwenye kura nyingi ameshinda. Filamu bora hupigiwa kwa kupanga: mpiga kura huorodhesha hadi zote 10 kwa mfuatano wa anavyozipenda. Isipopatikana iliyozidi nusu, ya mwisho huondolewa na kura zake huenda kwa chaguo linalofuata.

Chukua kura 100: A ina 40, B 33, C 27. C inatoka. Kama 20 kati ya waliompenda C walimweka B wa pili na 7 walimweka A, B anapata 53 na A 47. Filamu inayopendwa mno na wengine na kuchukiwa na wengine huumia. Ya pili katika orodha za wengi hunufaika.

17. Tuzo zipi za awali zifuatwe?

PGA, ya chama cha watayarishaji, kwanza, kwa sababu nayo hutumia kura ya kupanga. Kuanzia 2010 hadi 2025 ilikwenda sambamba na Oscar ya filamu bora mara 13 kati ya 16, ikikosa 2016, 2017 na 2020. Kwa mwongozaji, fuata DGA, ya chama cha waongozaji: kati ya 2013 na 2025 ilikosa mara mbili tu, 2013 Ben Affleck ambaye hakuteuliwa kabisa Oscar ya mwongozaji, na 2020 Sam Mendes aliyepitwa na Bong Joon-ho. Golden Globes zina kelele nyingi na uzito mdogo, maana wapiga kura wake ni waandishi wa habari.

18. Na waigizaji?

Tazama SAG, ya chama cha waigizaji, ambayo sasa inaitwa Actor Awards, pamoja na BAFTA ya Uingereza. Zikikubaliana, usijitie ujanja. Zikitofautiana, hakuna kanuni. Mwaka 2014 Jennifer Lawrence alichukua Golden Globe na BAFTA, Lupita Nyong'o akachukua SAG, na Oscar ya mwigizaji msaidizi ikaenda kwa Lupita. Mwaka 2023 SAG ilishinda tena, kwa Michelle Yeoh na Brendan Fraser. Lakini 2021 Anthony Hopkins, 2024 Emma Stone, na 2025 Mikey Madison na Adrien Brody walitoka upande wa BAFTA. Wabashiri wengi wa Kenya wangali wanatumia mfano wa Lupita kama sheria. Sio sheria.

19. Filamu ya kimataifa?

Angalia kama imeteuliwa pia katika filamu bora. Hadi 2024 kila iliyokuwa peke yake katika hali hiyo ilishinda. Zikiwa mbili, chunguza upepo wa mwisho: 2025 Emilia Pérez ilikuwa na uteuzi 13, zaidi ya filamu yoyote mwaka huo, ikashindwa na ile ya Brazil iliyotajwa swali la 3.

20. Filamu fupi nazibashirije?

Zitazame, ndizo zinazoamua mashindano ya nyumbani kwa kuwa wengi hubahatisha. Usichague kwa ukaribu. Mwaka 2018 wengi wetu tuliiwekea alama Watu Wote, iliyoigizwa kwa Kiswahili na Kisomali kuhusu abiria Waislamu waliowakinga Wakristo ndani ya basi. Ilishinda The Silent Child.

21. Kashfa ikitokea wiki ya sherehe, nibadilishe?

Usibadilishe. Kura hufungwa siku 10 hadi 12 hivi kabla. Mwaka 2025 zilifungwa 18 Februari, SAG ikatolewa 23 Februari na Oscar 2 Machi. Hivyo hata SAG hiyo haikumshawishi mtu. Ilionyesha tu jinsi waigizaji walivyokuwa wakifikiri.

## Shindano la nyumbani

22. Alama zigawanywe vipi?

Kuanzia 2026 kuna makundi 24, baada ya kuongezwa la wanaowachagulia filamu waigizaji wake (casting). La ubunifu wa matendo ya hatari (stunts) litaingia 2028. Toa alama 1 kwa kila kundi, 2 kwa manne ya waigizaji, mwongozaji na miswada miwili, 3 kwa filamu bora. Ukiipa filamu bora 10, makundi 23 ya mwanzo yanakuwa kupoteza usingizi. Swali la kuvunja sare: sherehe itachukua dakika ngapi? Aliye karibu zaidi ndiye mshindi.

23. Washindi wawili wakitangazwa sare, au bahasha ikikosewa?

Sare hutokea: 1969 Katharine Hepburn na Barbra Streisand, 2013 katika uhariri wa sauti. Aliyemtaja yeyote kati ya wawili apate alama kamili. Kosa la bahasha lilitokea 2017, La La Land ikatajwa kabla ya Moonlight kupewa haki yake. Andikeni mapema kwamba kinachohesabiwa ni matokeo rasmi.

24. Sisi hatuchezi kamari. Tuweke nini badala ya pesa?

Wa mwisho apike keki ya 6 Januari, kwa vipimo vya swali la 12. Karatasi zikusanywe kabla ya tuzo ya kwanza kutangazwa, zipigwe picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp. Anayeangalia kwa mtandao unaochelewa dakika mbili azime simu, au akubali kuharibiwa uhondo na shangazi aliyeko Houston.